Makoloni mengi na hazina tupu katika Europa Universalis IV

Miongoni mwa vijana wanaocheza Europa Universalis IV, mchezo wa kompyuta wa kuongoza nchi katika historia, hapa Kisumu, wengi wanaamini kwamba kila koloni jipya huongeza fedha hazinani papo hapo. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa ramani huenea rangi ya nchi yako na mchezaji huona kana kwamba ametajirika.

Hata hivyo, koloni hugharimu fedha kila mwezi hadi lifikishe wakazi 1,000, na gharama hupanda sana ukianzisha makoloni mengi kuliko idadi ya walowezi (mawakala unaowatuma kuanzisha makoloni) ulio nao. Jambo zito zaidi, ambalo naona halielezwi vya kutosha, ni kwamba thamani ya biashara hutiririka upande mmoja tu, kutoka kituo kimoja cha biashara kwenye ramani hadi kingine, mpaka Genoa, Venice au English Channel, ambako haiwezi kusonga tena. Kama vile omena inayopita soko la Kibuye ikielekea Nairobi humfaidi aliyejipanga njiani, sukari ya koloni lako huweza kumtajirisha jirani mwenye nguvu zaidi katika kituo kinachofuata.

Unaweza kulithibitisha mwenyewe: simamisha mchezo, fungua ramani ya biashara, kisha ufuate mishale kutoka koloni hadi nyumbani, ukisoma katika kila kituo ni nani mwenye sehemu kubwa. Mhamishe mfanyabiashara mmoja, yaani wakala wako wa biashara, hadi kituo kingine, subiri miezi michache, halafu ulinganishe mapato ya biashara na yale ya awali.