Samadi nayo inaunguza mimea

Ile kauli ya kwamba mbolea ya dukani ni sumu na ya asili haina shida si kweli jamani, mzizi haujui naitrojeni, kile kirutubisho cha kukuza mmea, imetoka kwenye mfuko wa urea ya dukani au zizini, unafyonza tu kilichoyeyuka kwenye maji. Samadi mbichi ya kuku, ile ukiifukua inakuchoma pua, ina amonia kali na inababua miche kabisa, iache ioze kwanza. Uzuri wake inalainisha udongo na kushika maji, ila virutubisho vinatoka polepole. Urea ina naitrojeni 46%, inafanya kazi chapchap, lakini ukiirundika shinani inaunguza, na ukiitumia peke yake miaka mingi udongo unakuwa na asidi. Mi naona uchanganye tu, samadi iliyooza wakati wa kupanda, urea kidogo baadaye ya kukuzia.