Mama Ngosa hakupaswa kutoa ufunguo siku ile

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, si mtu wa michezo ya video. Anauza vitenge, na simu yake ni ya wateja. Nilipomwomba anijaribie mchezo ninaouandika, alikubali kwa sharti moja: megabaiti za kuupakua nilipe mimi. Akaketi barazani kwetu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, saa mbili usiku, akacheza hadi umeme ulipokatika na chaji ikabaki kidogo. Asubuhi akaniita.

"Mudogo, ule mama ya makala njo namna gani? Asubui alinifukuza, mangaribi alishanipa funguo ya nyumba. Iko na kichwa nzuri?"

Alimaanisha Mama Ngosa, mhusika wangu anayeuza makala, yaani mkaa. Nilicheka. Kisha nikafungua kompyuta, nikaangalia nilichoandika, kicheko kikaisha.

Kazi yangu ni kuandika hadithi na mazungumzo ya RPG, yaani ile michezo ambamo unavaa mwili wa mhusika mmoja na kuamua atasema nini, atamsaidia nani, atamficha nani ukweli. Ninaandikia watu wazima. Alama ya 18 ya PEGI, ule mfumo wa Ulaya wa kupanga michezo kwa umri ulioanza mwaka 2003, wengi huisoma kama ahadi ya damu na uchi. Mimi huisoma hivi: mchezaji wangu amewahi kudaiwa, amewahi kukesha matangani, amewahi kumpenda mtu asiyefaa na akajua hafai. Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha mhusika anayebadilika moyo kwa nusu saa, anakushtukia palepale. Yaya alinishtukia.

Mchezo wenyewe ni mdogo. Kijana anarudi Lubumbashi kutoka Kolwezi, mwendo wa kilomita 300 hivi, ambako alikuwa akichimba kobalti na rafiki yake. Shimo liliporomoka, rafiki akabaki chini. Kijana anapanga chumba kwa mama wa marehemu, muuza makala wa Kenya (nasema mtaa wetu wa Kenya, si ile nchi), bila kumwambia yeye ni nani. Mchezaji ndiye huyo kijana. Hakuna joka wala upanga. Swali la mchezo mzima ni moja: utamwambia lini?

Kosa langu lilikuwa la hesabu. Nilimpa Mama Ngosa mita ya imani, kutoka 0 hadi 100. Kumbebea gunia la makala, pointi 10. Kumsalimia kwa heshima, 5. Akifika 60, anakupa ufunguo. Yaya ni mfanyabiashara. Aliinusa bei haraka. Akabeba magunia sita mfululizo, akalipwa ufunguo. Maneno ya Mama Ngosa yalikuwa mazuri, niliyahangaikia wiki nzima, lakini mita haikujua kama magunia yale sita yalibebwa kwa siku moja au kwa mwezi mzima. Mita huhesabu tu. Haikumbuki kitu.

Tatizo hili si la sisi maskini wenye kompyuta moja. Katika Dragon Age: Origins ya mwaka 2009, wenzako wa safari wana kipimo kinachotoka hasi 100 hadi 100, na unaweza kuwapandisha kwa zawadi. Umemtukana mtu asubuhi? Mpe sanamu, mpe pete, yaishe. Nilipoucheza mara ya kwanza nilifurahi sana. Mara ya pili nilijiona kama mgombea anayegawa fulana.

Halafu kuna Baldur's Gate 3, ambao mimi naupenda kiasi cha kuudai zaidi. Ulipotoka Agosti 2023, wachezaji walishangaa: wenzao wa safari, hasa mchawi Gale, walikuwa wanawatongoza kabla hata hawajafahamiana. Swen Vincke, mkuu wa studio ya Larian ya Ubelgiji, akaeleza baadaye kwamba lilikuwa kosa la kiufundi: kizingiti cha pointi kiliwekwa chini mno. Maneno ya Gale yalikuwa yaleyale waandishi waliyokusudia, sauti ileile, uso uleule. Yamekuja mapema tu, na mtu aliyeandikwa awe mpole na mpweke akageuka msumbufu wa baa. Sijapata mfano bora wa kumweleza mwanafunzi kwamba mwendo wa hadithi ni sehemu ya tabia ya mhusika.

Mchezo huohuo una tatizo jingine, na hili linanigusa zaidi. Mazungumzo mengi mazito na wenzako hutokea kambini, unapolala. Lakini hadithi inakwambia tangu mwanzo kwamba una kiluwiluwi kichwani na usipofanya haraka utageuka kiumbe kingine. Basi wachezaji wengi waliotii hadithi hawakulala. Wakafika mbali, wenzao bado wageni. Mdomo mmoja unasema kimbia, mwingine unasema keti tuongee. Ukiandika dharura, ujue umewafungia wahusika wako mlango wa kukua, isipokuwa uwaandikie ukuaji wa mtu anayekimbia, ambao ni mwingine kabisa: maneno machache, makosa mengi, na aibu inayokuja baadaye.

Nilivyorekebisha mchezo wangu: mita niliibakiza, lakini nikaweka kufuli mbili juu yake. Pointi peke yake haifungui kitu. Lazima pia siku zipite, na lazima tukio fulani liwe limetokea ambalo mchezaji hakuliagiza. Natumia Ren'Py, programu ya bure ya kuandikia michezo ya hadithi ambayo ipo tangu 2004 na inatoa mchezo unaokwenda kwenye simu za Android, kwa hiyo kufuli hizo ni mistari michache tu. Kazi iko kwenye hilo tukio.

Hebu nikuonyeshe. Toleo la zamani, alilolicheza yaya:

"Mama, nimemaliza magunia."

"Asante, mutoto yangu. Tangu mutoto yangu alikufa, shiyaamini muntu kama weye. Kamata funguo."

Soma tena uone aibu yangu. Mama anatoa siri, shukrani, imani na chuma katika pumzi moja. Hakuna mama wa Kenya anayetaja msiba wake kwa mpangaji huku anampa ufunguo. Huyo si mama. Ni karani anayesoma risiti.

Toleo la sasa halina maneno hayo hata moja. Wiki ya kwanza, kila ukihesabu magunia, Mama Ngosa anayahesabu upya nyuma yako. Mchezaji anaona tu mkono wake ukigusa gunia baada ya gunia. Wiki ya tatu, siku moja, hayahesabu. Mchezo hausemi kitu, wala alama haipandi mbele ya macho. Baadaye mvua inanyesha, unarudi usiku wa manane, unagonga. Anakuja kufungua na kitenge kichwani, analowa, anakohoa.

"Mi shiko sentineli yako." Yaani, yeye si mlinzi wako.

Asubuhi ufunguo uko juu ya gunia, umefungwa uzi.

"Hii ni ya mulango ya inje. Chumba ya katikati usifungue."

Ametoa ufunguo kwa sababu amechoka kuamka. Labda pia amekuzoea. Labda pia anaogopa kukohoa tena. Sababu tatu zimekaa pamoja, na mchezaji hana uhakika ni ipi, kama ambavyo wewe huna uhakika kwa nini jirani yako alikukopesha jembe. Na pale pale amefungua mlango mmoja na kufunga mwingine. Chumba cha katikati, bila shaka, ni cha marehemu.

Lugha yetu ina chombo kingine ambacho studio za nje hazina, nami nilichelewa kukitumia: jina la kumwitia mtu. Mwanzoni Mama Ngosa anasema "ule lokateri", yaani yule mpangaji, akiwa anaongea na jirani mbele yako, kana kwamba haupo. Baadaye "weye". Baadaye "kijana". Hafiki "mutoto yangu" kwa hiari. Siku ya kumi na tisa, akiwa na moshi machoni, anakuita ujaze maji, na jina linalomtoka ni Ilunga. Jina la mwanawe. Hapo nimeondoa chaguo zote za kujibu kwenye skrini. Mchezaji anabonyeza, hakuna kinachotokea kwa sekunde nne, kisha Mama Ngosa anainama kupuliza moto. Sekunde hizo nne nilizipima kwa saa. Mbili zilikuwa chache, sita zikafanya watu wadhani simu imekwama.

Mwalimu wangu katika hili ni baroni mmoja mlevi. Katika The Witcher 3 ya mwaka 2015, kazi ya studio ya CD Projekt Red ya Poland, Geralt, mwindaji wa mazimwi unayemcheza, anamtafuta Ciri, binti aliyemlea, na habari zake anazo bwana wa eneo la Velen wanayemwita Baroni wa Damu. Naye anataka mkewe na bintiye watafutwe. Habari kwa habari: ukimletea kipande, anakupa kipande. Kwa hiyo unarudi kwake mara kadhaa, na kila mara anakuwa mtu mwingine bila kubadilika. Kwanza ni mwenyeji mcheshi, mume aliyepotelewa. Kisha unajua alikuwa akimpiga mke. Kisha unajua mimba iliharibika, na kile kitoto kimekuwa kiumbe cha kutisha, na unaweza kumfanya akibebe usiku mikononi mwake akakizike kwa jina kizingitini. Hadi hapo umeshamchukia, na unamwona analia. Hakuna mahali mchezo unakwambia amesamehewa. Kilichofanya kazi ni umbali kati ya ziara: unaondoka, unazunguka vijijini, unasikia mengine kwa wengine, unarudi na macho mapya. Baroni hakukua mbele yako. Alikua ulipokuwa njiani.

Ndiyo maana sasa naandika kwanza kile kilichotokea kati ya mazungumzo mawili, kabla ya mazungumzo yenyewe. Mama Ngosa alikula nini juzi? Mteja gani alimdhulumu? Nani alipita na kutaja jina la marehemu? Mchezaji hataviona vingi katika hivyo. Ataona mkono ambao hauhesabu.

Kuhusu mapenzi nitasema kidogo, maana watu huniuliza hilo kwanza. Katika Mass Effect ya 2007, na ya pili ya 2010, penzi hufika kileleni kabla tu ya vita vikubwa vya mwisho. Ni mahali pazuri kwa filamu. Lakini mtu mzima anajua kuwa tabia ya mtu huonekana asubuhi yake: nani anachota maji, nani anajifanya amelala. Kwenye mchezo wangu kuna muuguzi jirani, na ukimpata, mchezo unaendelea wiki mbili nzima baada ya hapo. Wachezaji wawili kati ya watano wa majaribio waliachwa. Mmoja alinikasirikia kweli.

Mwendo wa hadithi kwetu hauamuliwi na mwandishi peke yake, lakini. Unaamuliwa na umeme. Kwenye vyumba vya PlayStation unalipa kwa mechi, kwa hiyo mpira ndio unaochezwa. Hakuna anayelipa ili kumsikiliza baroni akilia, na kesho mtoto mwingine amefuta ulichohifadhi. Aliye na simu anacheza dakika kumi na mbili, chaji inaisha, anarudi baada ya siku tatu amesahau nani ni nani. Nilijaribu muhtasari wa mwanzo, ukawa kama taarifa ya habari. Sasa kila onyesho linaanza kwa kitu kile kile mkononi mwa mhusika: ufunguo wenye uzi, sufuria yenye mpini uliokatika. Mchezaji anakumbuka kwa jicho. Na zile siku tatu za giza zinanisaidia bila malipo, kwa sababu Mama Ngosa naye amekaa siku tatu bila kukuona, na anakuuliza ulikuwa wapi.

Yaya ameanza upya tangu mwezi uliopita. Anacheza kidogo kidogo, akiwa kwenye meza ya vitenge, mteja akija anaweka simu kwenye mfuko wa apron. Ameshaitwa Ilunga. Jumapili nilimkuta kwenye onyesho la kukiri, mistari mitatu ya kuchagua inamngoja, moja ikiwa ni ukweli wote. Nilisimama nyuma yake nikajifanya naangalia bukari, ugali wetu, inavyosongwa. Akachagua "Bukari imepikwa vizuri, mama."

"Mbona haukumuambia?" nikamuuliza.

"Bado anakohoa," akasema, na akazima skrini.