Mama lishe wa Feri hapimi samaki mzima

Nenda soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, asubuhi umwangalie mama lishe anavyochagua samaki. Hahesabu magamba wala hapimi mkia, anafunua mashavu aone kama bado mekundu, anacheki jicho kama limeingia ndani, anabonyeza na kidole, basi, kashajua huyu wa leo au wa juzi.

Sasa ipe kompyuta picha ya huyo samaki ikuambie ni wa leo au wa juzi, hata kapicha kadogo ka pikseli (vidoti vya picha) 100 kwa 100, yenyewe inaona namba 10,000, kila kidoti na namba yake, ikiwa ya rangi zidisha mara tatu. Wengi wanadhani namba zikijaa ndo mashine inakuwa na akili, wapi! Ukiwa na picha 200 tu za kuifundishia itakariri hizo hizo, ukiiletea samaki mpya inachemka. Mwanahisabati Richard Bellman wa Marekani shida hii ya namba kujaa aliiita laana ya vipimo vingi.

Kwa hiyo tunapunguza hizo namba kabla ya kuifundisha mashine. Njia ya zamani ni PCA (principal component analysis), wazo la mtakwimu Muingereza Karl Pearson mwaka 1901, inatafuta upande ambao data imetawanyika zaidi inabaki nao, kwingine inatupa. Nzuri ila wanafunzi wangu inawanasa kila mwaka, maana haijui samaki yupi fresh yupi kaharibika, yenyewe inaangalia mtawanyiko tu. Ukipiga picha nusu alfajiri, nusu saa sita jua la Dar linawaka, kinachotofautiana zaidi humo ni mwanga, so PCA inakubebea mwanga kwa heshima zote na wekundu wa mashavu unaweza ukaenda na takataka. Kwenye kutambua sura za watu ishu ya mwanga ilisumbua hivyo hivyo.

Njia nyingine ni ya Ronald Fisher, mtakwimu Muingereza, mwaka 1936 alikuwa na maua 150 ya aina 3, kila ua vipimo 4, yeye akatafuta mchanganyiko wa vipimo unaosukuma makundi mbali na kila kundi likabaki limebanana. Hiyo ndo LDA (linear discriminant analysis), inataka uiambie kila picha ni ya kundi gani, na kwa makundi mawili inakuachia namba 1 tu! Ila kwa namba 10,000 na picha 200 hesabu yake inakwama, ndo maana watu wanapunguza kwanza na PCA wanamalizia na Fisher.

Na ukienda Feri kupiga picha, mwombe muuzaji afunue mashavu, kama hayaonekani kwenye picha hakuna hesabu itakayoyaleta.