Kobe hatembei na nyumba

Tumekuzwa na ile stori kwamba kobe anatembea na nyumba yake mgongoni, kwa hiyo mtu akiletewa kobe anamwachia tu uani kwenye sementi, jua la saa saba linampiga, na wengine wanatoboa gamba kwa msumari wamfunge kamba eti hasikii maumivu. Anasikia sana tu. Gamba ni mfupa, uti wa mgongo na mbavu vimeungana nalo, lina mishipa ya damu na ya fahamu, halivuliki.

Na halimpozi. Joto la mwili wake linafuata la pale alipo, hana jasho, akikosa kivuli anaweza kufa hivi hivi unamwangalia. Kwa hiyo mpe udongo wa kuchimba, kona ya kivuli na kona ya jua, maji kwenye sinia sio ndoo, maana huyu si kasa, hajui kuogelea. Ua liwe la mbao au tofali, akiona nje kupitia wavu atasukuma hapo kutwa nzima. Ale nyasi na majani, ugali hapana.

Hata wale kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambao wazee wao walitoka Shelisheli 1919, mchana utawakuta chini ya miti.

Ila wa porini mwache, kumfuga kunahitaji kibali.