Kolesteroli: Yanayosemwa na Yanayosomwa Kwenye Majibu ya Damu

Dhana: "Kama ingekuwa juu, ningejisikia vibaya."

Ukweli: Kolesteroli ni aina ya mafuta yaliyo kwenye damu, na ikizidi haiumi wala haichoshi. Hujikusanya kimya kwenye kuta za mishipa ya damu kwa miaka mingi, na wapo ambao dalili yao ya kwanza huwa ni shambulio la moyo au kiharusi. Bila kupima damu, huwezi kujua.

Dhana: "Huo ni ugonjwa wa wanene."

Ukweli: Sehemu kubwa ya kolesteroli hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini. Takriban mtu 1 kati ya 250 huzaliwa na hitilafu ya kurithi inayopandisha LDL, yaani kolesteroli inayoziba mishipa, tangu utotoni, hata akiwa mwembamba. Kwa hiyo mzazi au ndugu akipata shambulio la moyo mapema, jamaa zake wa damu wasisubiri uzee ndipo wapimwe.

Dhana: "Jumla ya kolesteroli ikiwa chini ya 5.2, niko salama."

Ukweli: Hili ndilo kosa linalonisikitisha zaidi, kwa sababu mtu amekwisha kutoa damu, kisha anasoma mstari mmoja tu wa majibu yake. Chukua karatasi mbili, vipimo vyote vikiwa katika milimoli kwa lita. Ya kwanza ina jumla ya 5.4 na HDL (kolesteroli inayoitwa "nzuri") 1.9, ya pili ina jumla ya 5.0 na HDL 0.8. Ukitoa HDL, ambayo hesabu yake huwekwa kando kwa kuwa si hiyo inayoziba mishipa, wa kwanza anabaki na 3.5 na wa pili 4.2, yaani mwenye jumla ndogo ndiye mwenye mafuta mengi zaidi ya kuziba mishipa. Hata hapo, daktari huyapima majibu hayo pamoja na umri, shinikizo la damu, kisukari na uvutaji wa sigara.

Dhana: "Lazima nifunge usiku kucha."

Ukweli: Mara nyingi si lazima. Chakula hupandisha zaidi trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, na zikionekana kuwa juu sana, kipimo hurudiwa baada ya kufunga.

Dhana: "Majibu yameshuka, sasa naacha dawa."

Ukweli: Yameshuka kwa sababu dawa inafanya kazi. Statini, dawa za kushusha kolesteroli, hupunguza utengenezaji wa kolesteroli kwenye ini, na ukiziacha, LDL hupanda tena ndani ya wiki chache. Kipimo cha wiki 4 hadi 12 baada ya kuanza dawa humwonyesha daktari kama dozi inatosha.