Muuaji ni yule mwenye adabu

Mimi ni mhariri wa filamu. Usiku, nikishachoka kukata kazi za wateja, nachemsha chai na kujiwekea picha za mauaji za Waingereza, zile za nyeusi na nyeupe. Mke wangu hunishangaa: "Si unamjua aliyeua?" Namjua. Mara nyingi hata nusu haijafika nimeshamjua: ni yule bwana mwenye adabu kupita kiasi, anayewahi kumfungulia inspekta mlango.

Ninazozipenda zaidi ni za mfululizo wa Edgar Wallace, mwandishi Mwingereza wa hadithi za uhalifu, zilizopigwa katika studio za Merton Park, kusini mwa London, kuanzia 1960. Zipo zaidi ya arobaini, na zote zinaanza vilevile: sanamu ya Wallace, kichwa na mabega, inazunguka taratibu kwenye ukungu, muziki uleule chini yake. Hiyo ndiyo paukwa yao. Wallace mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1932, lakini hadithi zake zikavalishwa suti na kupandishwa magari ya miaka ya sitini.

Nyingi ni za saa moja hivi. Enzi hizo tiketi moja ilikupa picha mbili, na hizi zilikuwa za kusindikiza ile kubwa. Fedha kidogo, siku za kupiga chache, na hapo ndipo mhariri anapofaidi, kwa sababu hakuna shoti ya kupamba. Mtu akishika ufunguo sekunde mbili, ujue ufunguo huo utarudi. Tukio la simu nalo halikosi kuja. Shahidi anampigia inspekta: "Siwezi kusema kwenye simu, njoo." Nyuma yake pazia linatikisika. Gari la polisi, Wolseley nyeusi, linakata kona. Viatu vya shahidi, sakafuni. Basi, mtu kafa, na damu hatujaiona hata tone. Mteja wangu wa leo angeniomba niongeze mayowe.

Kuna wanaosema kurudia kanuni ileile ni uvivu. Mbona sisi tuliingia kwenye mabanda ya video tukijua fika kwamba steringi hafi, na hakuna aliyedai kiingilio chake? Mwisho ukishaujua, macho yanapata nafasi ya kutazama mikono: anavyowasha sigara, anavyochelewa kuvua glavu.

Halafu kuna kitanzi, ambacho hakitajwi sana. Uingereza ilikuwa bado inanyonga, ingawa tangu 1957 si kila muuaji. Wa mwisho walinyongwa Agosti 1964, picha hizi zikiwa bado zinatengenezwa. Kwa hiyo inspekta anapochukua kofia yake na kusema kwa upole, "Naomba tufuatane," mimi humtazama yule bwana mwenye adabu. Hapigi kelele. Anaweka glasi mezani, anasogea kwenye kioo, anainyoosha tai yake shingoni.