Kwa nini Myahudi pekee katika uwaziri wa Uingereza alipinga Azimio la Balfour?

Tarehe 2 Novemba 1917, Arthur Balfour, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alimwandikia Lord Rothschild, kiongozi wa Wayahudi wa Uingereza, barua fupi, ndiyo Azimio la Balfour, akiahidi kuunga mkono "makao ya kitaifa" ya Wayahudi huko Palestina. Hilo linajulikana. Kisichosimuliwa sana ni kwamba mmoja wa walioipinga vikali serikalini alikuwa Edwin Montagu, waziri wa masuala ya India, na Myahudi pekee miongoni mwa mawaziri.

Agosti mwaka huo aliwagawia wenzake waraka ambao kichwa chake tu kiliishutumu serikali kwa chuki dhidi ya Wayahudi. Kwake yeye, Uyahudi ni dini, si taifa. Myahudi wa Uingereza na Myahudi wa Morocco si watu wa taifa moja, kama ambavyo Mkristo wa Uingereza na wa Ufaransa si taifa moja. Mkishatangaza kwamba kwao ni Palestina, alionya, kila nchi itataka kuwaondoa raia wake Wayahudi, na wenyeji wa Palestina nao watafukuzwa. Lililomuuma zaidi lilikuwa lake binafsi: ataiwakilishaje Uingereza mbele ya Wahindi, ikiwa serikali yake yenyewe inasema kwao ni kwingine?

Shutuma hiyo haikutoka hewani. Sheria ya wageni ya 1905, ya kubana wahamiaji, iliyolenga hasa Wayahudi waliokimbia Urusi, ilipitishwa Balfour huyohuyo akiwa waziri mkuu.

Ni kweli, Montagu alikuwa mtoto wa mwenye benki, na Uingereza ilikuwa imemfungulia milango. Wayahudi wa Kishinev, mji uliokuwa chini ya Urusi, waliochinjwa mwaka 1903, hawakuwa na nchi ya kujivunia namna hiyo. Mwaka huohuo Uingereza iliwapendekezea Wazayuni, yaani waliotaka Wayahudi wawe na makao yao ya kitaifa, ardhi ya Uasin Gishu, Kenya ya leo. Wakaikataa mwaka 1905. Hata hivyo, upinzani dhidi ya Uzayuni haukuwa wa matajiri peke yao. Bund, chama cha wafanyakazi Wayahudi kilichoundwa Vilnius mwaka 1897, kilishikilia kwamba haki zidaiwe palepale mtu anapoishi. Mwaka huo ndipo Wazayuni walipofanya mkutano wao wa kwanza, huko Basel. Walitaka uwe Munich, lakini marabi wa Ujerumani wakaja juu.

Baraza la vita, kikundi kidogo cha mawaziri kilichoongoza serikali wakati wa vita, lilipopitisha azimio, tarehe 31 Oktoba, Montagu alikuwa safarini kwenda India. Kelele zake hazikupotea zote, maana barua iliongezewa masharti mawili. Moja lililinda haki na hadhi ya kisiasa ya Wayahudi wanaoishi nchi nyingine. Lingine liliwahusu Waarabu wa Palestina, waliokuwa wengi mno kuliko Wayahudi nchini humo: waliitwa tu "jamii zisizo za Kiyahudi", wakaachiwa haki za kiraia na za kidini. Za kisiasa hazikutajwa.